Safari ya kikazi: uende peke yako, uende na familia, au familia ikufuate Ijumaa?

Mfanyakazi anayepangiwa siku tano Dodoma, Mwanza au Arusha hukutana na swali ambalo barua ya safari hailigusi: watoto wabaki nyumbani, waje naye, au waje baadaye? Nimefanya kazi ya ukaguzi wa miradi kwa miaka 11, makazi yangu yakiwa Dar es Salaam, nikiwa na mume mwalimu na watoto wawili, na njia zote tatu nimezipitia zaidi ya mara moja. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kuamua kabla ya kukata tiketi, na kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni jioni. Mchana wa safari ya kikazi ni wa mwajiri na hauna mjadala. Uliza jioni zako zitakuwa za nani, kisha rudi kwenye nauli na vyumba.

Kwanza tuziondoe safari ambazo hazina haja ya kulinganishwa. Ukiwa unazunguka wilaya kwa wilaya, leo unalala Kondoa na kesho Mpwapwa, ukitegemea gesti utakayoikuta na gari la ofisi linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi, nenda peke yako. Mtoto hawezi kuhamishwa kitanda kila usiku kwa juma zima akabaki na afya na furaha, na wewe huwezi kuhesabu vocha za kijiji huku ukiwaza kama watoto wamepata chakula. Kinachozungumzwa hapa ni safari ya kukaa mji mmoja: mafunzo, kikao cha bajeti, warsha, ukaguzi wa ofisi moja.

Fedha

Posho ya kujikimu hukokotolewa kwa mtu mmoja na kwa idadi ya usiku atakaolala nje ya kituo chake cha kazi, na haiongezeki kwa sababu mmelala wanne. Wapo wanaochanganya safari ya kikazi na uhamisho au likizo. Mtumishi wa umma anapohamishwa kituo, mwajiri hugharimia pia familia yake, na nauli ya likizo, ambayo hutolewa mara moja kila baada ya miaka miwili, humhusu pia mwenzi wake na watoto wanaomtegemea wasiozidi wanne. Safari ya kikazi haina haki ya namna hiyo, kwa hiyo kila anayeongezeka anakula kutoka mfukoni mwako.

Chukua mfano wa Dodoma kutoka Dar es Salaam. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, huku aliye chini ya miaka minne akisafiri bila malipo. Familia kama yangu wakati ule, mume, mtoto wa miaka tisa na wa miaka mitatu, ilihitaji shilingi 93,000 kwenda na kurudi, kwa kuwa tiketi yangu mimi ilikuwa ya mwajiri. Fedha hiyo ni ileile, waje Jumapili pamoja nawe au waje Ijumaa. Tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu haimo kwenye nauli, imo kwenye siku tano za milo ya watu watatu na chumba kikubwa ambacho usingekihitaji ukiwa peke yako. Nimeona watu wakibishana juu ya nauli kwa saa nzima na kuisahau hesabu ya chakula, ambayo mwishowe ndiyo huwarudisha nyumbani wakiwa na deni.

Jambo hili lina uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Katika nyumba nyingi, yangu ikiwemo, posho inayobaki huwa na kazi yake hata kabla ya safari kuanza: ada ya muhula, bati za nyumba inayojengwa, dawa za mzazi kijijini. Kuichukua familia maana yake ni kuitumia ada hiyo kwa furaha ya juma moja. Si kosa, na pengine ndiyo matumizi bora ya fedha hiyo mwaka mzima, ila mwamue wawili mkiwa mmekaa chini, si mmoja akiwa tayari amewaahidi watoto.

Mwajiri anapokilipia chumba moja kwa moja, hulipia cha mtu mmoja. Omba hoteli ikupe chumba cha familia au kitanda cha ziada, ulipe tofauti mwenyewe, na udai risiti yake peke yake. Niliwahi kupeleka risiti moja iliyochanganya kifungua kinywa changu na cha watoto wawili. Mhasibu aliirudisha wakati wa kurejesha masurufu, yaani kutolea hesabu fedha ya safari niliyokabidhiwa, nikaandika maelezo kwa wiki mbili juu ya mayai na chai ambavyo nilikwisha kuvilipia kwa fedha yangu. Vilevile, chakula cha mchana cha warsha ni cha washiriki waliomo kwenye orodha. Usiwaache watoto wasogee kwenye foleni hiyo hata kama mpishi ni mkarimu.

Kwenda nao tangu siku ya kwanza

Njia hii ndiyo inayovutia zaidi, na ndiyo iliyoniumiza. Likizo moja ya Juni tulikwenda wote Mwanza. Kikao kilipangwa kuisha saa kumi alasiri, na kwa mujibu wa ratiba hiyo nilimwahidi mwanangu, aliyekuwa na miaka sita, kwamba tutavuka kwa boti kwenda Saanane, kile kisiwa kidogo ndani ya ziwa ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa na hufikiwa kwa dakika chache kutoka mjini. Siku ya kwanza tulitoka saa moja usiku, na siku ya pili hivyohivyo. Baba yake alikuwa amewapeleka mara mbili kulitazama Jiwe la Bismarck kutoka ufukweni, lakini Saanane iliahidiwa na mama, na mtoto hakutaka kwenda na mtu mwingine. Siku ya tatu nilimkuta amelala kwenye kochi la mapokezi, kofia ya boti imemwangukia usoni, viatu viko miguuni na kamba zake amezifunga mwenyewe kwa mafundo mawilimawili. Nilimpandisha ngazi za ghorofa mbili akiwa navyo.

Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi. Kosa halikuwa kuwaleta. Kosa lilikuwa kuigawa jioni moja kwa watu wawili: mwenyekiti wa kikao na mwanangu. Mwenye kikao hakuwa ameniahidi chochote, kwa maana ratiba ya kikao cha kazi hueleza saa ya kuanza kwa uhakika na saa ya kumaliza kwa matumaini. Anayekwenda na familia tangu siku ya kwanza asiwaahidi watoto jambo lolote linalomtegemea yeye kabla ya kazi kwisha, na mwenzi wake awe na mpango wake kamili, wenye mahali pa kwenda na fedha ya kwenda.

Mpango huo huwa rahisi pale safari inapoelekea kwenye ndugu. Ukitumwa Mwanza na shangazi yuko Nyegezi, au Moshi na wazazi wako wako huko, hesabu yote hugeuka: chumba kimepatikana, chakula kipo, watoto wanacheza na binamu zao mchana kutwa, na bibi aliyewaona mara ya mwisho wakiwa wachanga anawaona sasa wakisoma. Hapo ndipo ninaposhauri bila kusita waende wote tangu mwanzo, ilimradi shule imefungwa. Wewe mwenyewe lala hotelini pamoja na wenzako wa kazi kama ripoti inaandikwa usiku, uwafuate ndugu ukimaliza. Zawadi utakayobeba, mchele au sukari au vitenge, bado ni nafuu kuliko usiku mmoja wa chumba cha familia.

Kama hakuna ndugu, utazame mji wenyewe. Dodoma ina Nyerere Square na bustani ya Chinangali, mahali ambapo mzazi mmoja anaweza kuwatembeza watoto bila gari, lakini shughuli nyingi za wizara sasa ziko Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo usitegemee kurudi kula nao mchana. Chagua malazi karibu na watakakokuwa wao, wewe ndiye ukubali kusafiri asubuhi. Tena kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti linapokaa, vyumba huwa adimu na bei hupanda, na likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni hiyohiyo. Atakayeacha kuweka nafasi mapema atawalaza watoto pembezoni kabisa mwa jiji. Arusha ni rahisi zaidi kwa familia, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye bonde la Ngurdoto na maziwa ya Momella, iko karibu kiasi cha kutosha safari ya siku moja, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha shilingi kilicho sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Asubuhi na usiku kuna baridi huko mwezi Juni na Julai, kama ilivyo Dodoma, na masweta ya watoto wa Dar es Salaam mara nyingi huwa yamebaki kabatini.

Kwenda peke yako

Kwa safari isiyozidi usiku tatu sioni sababu ya kuwahamisha watu. Unafanya kazi hadi usiku bila kumwambia mtu anyamaze, unalala, unarudi, na posho inafika nyumbani. Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye ratiba: mambo mengi ya kazi hukamilishwa mezani jioni, baada ya kikao, wakati mkuu wa idara aliyekataa pendekezo lako mchana anapolisikiliza upya akila samaki. Anayekimbilia chumbani kwa watoto kila saa kumi na mbili hukosa mazungumzo hayo, na kwa mwanamke aliye peke yake kwenye timu ya wanaume hasara hiyo ni kubwa zaidi.

Lakini gharama ya njia hii hailipwi na anayesafiri. Aliyebaki hana posho. Yeye ndiye anayeamka mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, yeye ndiye anayesimamia sare, daladala na daftari la hesabu, kisha asubuhi anakwenda kazini kama kawaida. Safari zinapofuatana, mwezi mmoja mara tatu, uchovu huo hugeuka manung'uniko, na manung'uniko hayo mara nyingi hujitokeza kwa sura ya ugomvi juu ya kitu kingine kabisa. Kwetu tulikubaliana kwamba sehemu ya posho, kabla ya yote, inamlipa mtu wa kusaidia nyumbani siku ambazo sipo, na kwamba saa moja na nusu usiku simu yangu ni ya watoto hata kama kikao kinaendelea. Nimewahi kutoka nje ya ukumbi na kusimama karibu na jenereta nikisikiliza shairi la darasa la tatu likisomwa mara mbili.

Mtoto aliye kwenye mwaka wa mtihani hahamishwi kwa ajili ya safari ya mzazi. Darasa la Saba hufanya mtihani Septemba, na kipindi cha kuelekea hapo nenda peke yako, hata kama mji ni wa ndugu.

Familia ikufuate Ijumaa

Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa Dodoma na Morogoro, na sababu ni kwamba jioni zinagawanyika kwa haki. Jumatatu hadi Ijumaa mchana ni za kazi zote, pamoja na usiku wake. Kuanzia Ijumaa jioni hakuna anayekudai isipokuwa walioshuka kwenye treni. Mwanangu yuleyule, akiwa na miaka tisa, alishuka stesheni ya Dodoma akiwa amembebea mdogo wake begi, na neno la kwanza alilouliza lilikuwa kama nimemaliza kazi. Nilikuwa nimemaliza. Siwezi kueleza vya kutosha jinsi jibu hilo lilivyoibadilisha sura yake na yangu.

Njia hii ina masharti. Posho yako huishia usiku wa mwisho wa kazi, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni zako na gharama zake ni zako. Ukitaka na Jumatatu, ijazie fomu ya likizo. Sheria ya ajira inakupa siku 28 kwa mwaka, na ni bora siku moja ipungue kuliko kuonekana mtoro. Mweleze msimamizi wako kwa maandishi kabla ya kuondoka. Kama ulikwenda kwa gari la ofisi, litarudi Ijumaa bila wewe na nauli ya kurudi utajilipia. Kama ni tiketi, omba ya kurudi ikatwe ya Jumapili tangu mwanzo, maana ofisi nyingi hukubali pale bei isipoongezeka.

Kwa Mwanza au Bukoba njia hii huanguka. Kuwapandisha watu watatu ndege kwa ajili ya siku mbili ni ghali mno, kwa kuwa mtoto akishatimiza miaka miwili hupewa kiti chake na nauli yake, na kuwapandisha basi la zaidi ya kilomita elfu moja kwa ajili ya Jumamosi moja ni kuwatesa. Huko mbali, ama waje juma zima wakati wa likizo, ama wabaki. Msomaji wa Nairobi anayetumwa Mombasa yuko karibu na hali ya Dodoma: treni ya Madaraka Express inachukua takriban saa tano na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu nauli, hivyo Ijumaa inawezekana.

Mama anayenyonyesha

Hapa ulinganisho wa juu haufai, kwa maana mtoto mchanga si mgeni wa safari. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa mapacha, ilhali mtoto hushauriwa anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kati ya tarehe hizo mbili kuna takriban miezi mitatu ambayo mwajiri anaweza kukupangia safari huku mtoto akiwa hana chakula kingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mama anayenyonyesha hadi saa mbili za siku ya kazi kwa ajili ya kunyonyesha, na sioni kwa nini saa hizo ziishie kwenye geti la ofisi.

Nilikwenda Morogoro mtoto akiwa na miezi minne, pamoja na mama yangu. Nilimwandikia mratibu wa mafunzo mapema nikiomba chumba kilicho jengo moja na ukumbi. Mama alimleta mtoto saa nne wakati wa chai, saa saba wakati wa chakula, na saa tisa na nusu nilitoka kwa dakika ishirini. Alikaa kwenye benchi chini ya mwembe, khanga imemfunika mtoto, na hakuwahi kupiga simu hata mara moja, kwa kuwa tulikwisha kuandika saa kwenye karatasi. Nauli na chakula cha mama nililipa mwenyewe. Kama huna mtu wa kwenda naye, omba safari iahirishwe au apewe mwenzako. Kwa umri huo, kwenda peke yako na chupa za maziwa yaliyokamuliwa, umeme ukikatika usiku, ni hatari nisiyomshauri mtu.

Usalama na karatasi

Gari la ofisi si la familia, hata kama viti viwili viko wazi na dereva ni rafiki. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humfidia mfanyakazi aliyeumia kutokana na kazi. Mume na mtoto waliokuwa kiti cha nyuma hawamo, na dereva ndiye atakayeulizwa kwa nini aliwapakia. Wapandishe treni au basi.

Kama mna bima ya afya ya NHIF, inayomhusu mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne, bebeni kadi za wote, na muulize mapema ni hospitali gani ya mji huo inayoipokea. Anayekwenda Kanda ya Ziwa au Kigoma abebe chandarua cha watoto, kwa sababu malaria huko ni nyingi kuliko Dodoma na Arusha, na si kila gesti ina chandarua kisichotoboka.

Safari ikivuka mpaka, kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, na mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake, kwani ofisa wa uhamiaji ana haki ya kuuliza. Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sindano hiyo huchomwa mara moja, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, ila huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na mtoto hachanjwi kabla ya miezi tisa. Barua ya kukuita Kampala ikifika wiki moja kabla ya kikao na watoto hawajachanjwa, nenda peke yako, kisha wapeleke wakachanjwe ukirudi, ili barua ya pili isikukute bila njia ya kuchagua.